Sura ya Sita: Filimbi ya Pili

“Umezichukua?”

“Nimezichukua.”

“Kwa ruhusa ya nani?”

“Ya mikono hii iliyoziandika.”

Sajini aliandika jibu hilo kama lilivyotoka, kisha akainua macho. Mwanamke aliyeketi mbele yake alikuwa na miaka sabini na sita. Gauni lake lilipigwa pasi mpaka kola, na miwani yake ilishikizwa kwa uzi upande mmoja. Alipakata bahasha kubwa ya kaki iliyofungwa kwa kamba, na tangu aletwe kituoni saa mbili asubuhi hakuwa ameiachia. Konstebo wa zamu alikuwa na amri ya kumnyang'anya. Alichofanya ni kumletea mto wa kukalia.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi za muziki, sehemu za wapigaji ishirini na wawili, za ile santuri iitwayo *Polepole, Mpenzi*. Hakuna asiyeijua, hata kama hajui jina lake. Ndiyo inayopigwa ukisubiri kung'olewa jino, ukipanda lifti, au redioni kabla ya taarifa ya habari. Ni nyimbo kumi na mbili za zamani za mapenzi, zimevuliwa maneno zikavalishwa fidla, na chini yake ngoma za bongo na manyanga, huku rumba, kule bolero, kule cha-cha. Wazee huisikiliza wakitikisa vidole vya miguu ndani ya viatu, wakidhani hawaonekani.

Ijumaa okestra mpya ya Redio ingeipiga yote mbele ya wageni, na mzee aliyeongoza kuirekodi miaka arobaini na moja iliyopita, ambaye watu wote humwita Mwalimu, angevishwa nishani. Kwenye jalada la santuri imeandikwa: *Muziki umepangwa na kuongozwa na*, kisha jina lake peke yake. Mama huyu alikuwa mnakili wa noti wa Redio mpaka alipostaafu. Jumatatu aliingia maktaba ya muziki, akamsalimu mlinzi, akauliza hali ya mtoto wake aliyekuwa na surua, akatoka na bahasha.

Sajini alisukuma barua mezani. Ilikuwa imeshachapwa na Redio, ikikosa sahihi tu. “Mama, inasema ulichukua bila haki, na kwamba muziki ni kazi ya Mwalimu. Ukitia sahihi kabla ya saa kumi, kesi imekwisha. Usipotia, kesho uko mbele ya hakimu kwa wizi wa mali ya umma. Hicho ni kifungo.”

“Nimesikia.”

“Sahihi moja tu, ukapumzike nyumbani.”

“Nitapumzika kaburini, mwanangu. Huko nafasi ni tele.”

Konstebo alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

“Kwa nini uzichukue sasa, baada ya miaka arobaini na moja?”

“Kwa sababu walikuwa wanazitupa. Wametengeneza mpya kwa kompyuta. Zangu nilizikuta kwenye katoni, chini ya mapazia yaliyooza.”

“Unasema zako.”

“Zangu. Muziki ule niliupanga mimi, wimbo wa kwanza hadi wa kumi na mbili.”

“Una ushahidi?”

“Upo humu.”

“Nionyeshe basi.”

“Hapana.” Mnakili aliishika bahasha kwa mikono miwili. “Kuna mtu nilimwahidi kitu, na ahadi yangu haijaisha muda. Mimi sisemi. Lakini wewe una macho, na sikukukataza kusoma.”

Akafungua kamba. Akaisukuma bahasha mpaka katikati ya meza, kisha akaizuia kwa kidole.

“Kanawe mikono kwanza.”

Sajini akaenda akanawa mikono.

*

Lifti ya jengo la Redio ilikuwa imeharibika tangu mwezi uliopita, lakini muziki ndani yake haukuwa umeambiwa. Mlango ulikaa nusu wazi, na *Polepole, Mpenzi* ikiimba humo peke yake. Sajini alipanda ngazi, bahasha kwapani. Ghorofa ya pili, mlango wa ukumbi wa mazoezi ulikuwa wazi, na msichana wa filimbi alikuwa akirudia noti moja ndefu. Ilifika mahali ikakatika. Akaanza tena, ikakatika pale pale. Mpiga fidla aliyekaa karibu alimpelekea chupa ya maji.

Mwalimu alimpokea mlangoni mwa ofisi aliyopewa kwa maandalizi ya Ijumaa. Alikuwa na miaka themanini na mbili, suti nyeupe, mgongo umenyooka kama rula. Alimvutia Sajini kiti, akangoja akae ndipo naye akakaa.

“Sina kinyongo naye,” alisema. “Mwandiko ni wake, sikatai, na mwandiko mzuri kuliko ule sijauona. Lakini mimi napanga, yeye ananakili. Karani akichapa barua ya mkurugenzi, barua inakuwa ya karani?”

“Ulipopanga uliandika wapi, Mwalimu?”

“Kwenye karatasi kuu. Ile yenye sehemu za wote, ya kiongozi.”

“Iko wapi?”

“Ilipotea tulipohama jengo la zamani.” Akavuta bahasha, akachagua sehemu ya fidla ya kwanza. “Lakini tazama hapa. Penseli. *Taratibu. Bongo! Tarumbeta sasa.* Mwandiko wa nani?”

Sajini alilinganisha na sahihi yake kwenye barua ya mashtaka ya Redio. Mkunjo wa T ulikuwa ule ule. Akaandika kwenye daftari: *Maandishi ya penseli ni ya Mwalimu.* Upande wa Mnakili hakuwa na la kuandika.

“Na hizi mpya za kompyuta, ni nani aliyezitengeneza?”

“Kijana mmoja wa hapa, nikimsimamia. Tulisikiliza santuri, yeye akaandika, mimi nikasahihisha noti kwa noti. Sikumwachia hata nukta.” Akampa karatasi ya filimbi, ingali na joto la mashine. “Umewahi kusikia wimbo wa tano vizuri?”

Akaweka santuri. Ilikuwa bolero. Fidla ziliingia kwa upole, manyanga yakafuata, halafu juu ya yote ikapanda filimbi, ikashika noti moja na haikuiachia. Sajini, aliyewahi kuimba kwaya shuleni, alihesabu kwa vidole. Kumi na sita.

“Hesabu kumi na sita, pumzi moja!” Mwalimu alisema, na macho yake yalilowa kidogo. “Watu walituandikia barua wakiuliza kama huyu ni mtu au ni bomba. Ndipo nikampa jina yule mpiga filimbi. Mapafu. Mpaka leo mtaani kwake humwiti jina jingine akaitika.”

*

Saa sita Sajini alifunga mlango wa chumba cha mahojiano, akasogeza meza ukutani, akatandaza karatasi sakafuni. Konstebo alikuwa ameazima gramafoni kwa shangazi yake, akaibeba kama mtu aliyebeba mayai. Mnakili alibaki kwenye kiti chake, miguu juu ya stuli, akiangalia.

“Nisaidie kidogo tu, mama. Hii alama nyeusi ni nini?”

“Hiyo ni kunyamaza. Hesabu nne.”

“Alaa.”

“Hilo si siri, yeyote aliyesoma noti angekuambia.”

Sajini alianza na fidla ya kwanza, akaisoma penseli ya Mwalimu mara ya pili. *Bongo! Tarumbeta sasa.* Akapekua sehemu ya bongo. Haina penseli. Ya tarumbeta haina. Zile nyingine zote ishirini na moja hazikuwa na mkwaruzo wa mkono wake.

“Konstebo.”

“Afande.”

“Ukiwa na ramani ya mji mzima mkononi, utaandika njia kwenye kiganja?”

“Ya nini tena, afande?”

“Basi huyu mzee aliandika njia kwenye kiganja. Aliongoza akiangalia karatasi ya mpiga fidla.” Akamgeukia Mnakili. “Karatasi kuu haikupotea. Haikuwapo.”

“Redio ilitoa karatasi tupu za wapigaji tu,” Mnakili alisema. “Kila robo mwaka, bunda moja. Nilikuwa nazitandaza sakafuni kama ulivyofanya wewe, nikiandika nimepiga magoti, nikihama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Karatasi kuu ilikuwa kichwani.”

“Lakini hilo ni neno lako. Hakimu atasema alisahau yake nyumbani akaazima ya fidla.”

“Atasema hivyo. Endelea kusoma.”

Sajini akaendelea. Alipofika wimbo wa tano aliweka karatasi ya filimbi ya kwanza juu ya goti, akamwashiria konstebo aweke sindano. Filimbi ikapanda. Kidole chake kilifuata noti. Moja, mbili, tatu, nne. Kisha ile alama nyeusi.

“Rudisha.”

Konstebo akarudisha. Masikio yalisema kumi na sita, karatasi ilisema nne, kisha nyamaza, kisha nne tena, kisha nyamaza.

“Kuna karatasi imepotea?”

Mnakili alikuwa anaangalia dirishani.

Sajini alitafuta filimbi ya pili. Pale ya kwanza inapotaka kunyamaza, ya pili ilikuwa imeshaingia, noti ile ile, kama watu wawili wanaopokezana ndoo iliyojaa bila kumwaga tone. Juu yake, kwa mwandiko ule mzuri, paliandikwa maneno matatu: *Ingia bila kusikika.* Akapekua nyimbo zote. Popote filimbi ya kwanza ilipokuwa na noti ndefu, ya pili iliipokea kwenye hesabu ya nne. Mara thelathini na saba. Hakuna pahala mpigaji wa kwanza alipoachwa avute zaidi.

Akachukua ile karatasi mpya ya kompyuta, akailaza kando. Humo ilikuwa noti moja nene, hesabu kumi na sita, kwa mtu mmoja.

“Kumbe ndiyo inayomuua yule msichana,” Sajini alisema.

“Msichana gani?” Mnakili aligeuka upesi.

“Yuko mazoezini. Anaishiwa pumzi.”

“Mwambie asijilazimishe! Ile si ya mtu mmoja.” Halafu akafunga mdomo, akauziba kwa mkono.

Sajini alikusanya karatasi kwa mpangilio aliozikuta. “Mama, mtu anayeitwa Mapafu, kwa nini umwandikie kama mtu asiye na mapafu?”

“Ahadi,” alisema Mnakili, “ni ahadi.”

*

Mzee Mapafu aliishi na bintiye, chumba cha chini, kiti kimewekwa dirishani panapoingia hewa. Alikuwa amekonda. Ukutani filimbi yake ilining'inia ndani ya mfuko wa kitambaa alioushonewa. Sajini hakumwuliza neno kwanza. Alimpa zile karatasi mbili, ya kwanza na ya pili.

Mzee alizisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

“Umezipata wapi?”

“Kwa mnakili. Yuko kituoni kwetu tangu asubuhi.”

“Kituoni kufanya nini?”

“Ameshitakiwa kuziiba. Anasema muziki aliupanga yeye na ushahidi umo humu, ila hataki kuusema. Kuna mtu alimwahidi.”

Mzee alipumua, na pumzi ile ilikuwa na mluzi ndani yake.

“Mwanamke yule!” alisema. “Mbishi kama msumari. Miaka arobaini na moja?”

“Na leo saa kumi ndiyo mwisho.”

“Mwaka ule nilikuwa nimetoka kutema damu. Kifua kikuu kilipona, lakini kilishakula pafu la kushoto. Alijua daktari, alijua marehemu mke wangu. Na yeye mnakili, kwa kuwa alinikuta nyuma ya ngazi nimeshika ukuta. Hakuniuliza. Aliniletea maji ya moto kwenye kikombe cha bati, akasimama mbele yangu watu wasinione. Kesho yake karatasi yangu ilikuwa imebadilika. Nami nikamwapisha asiseme.”

“Mwalimu alijua?”

“Mwalimu? Alimtoa mpiga tarumbeta kwa sababu ya jino bovu! Mimi nilikuwa na watoto wanne, afande. Ningemwambia, ningewalisha upepo?”

“Lakini mlikuwa mbele yake. Hakuona wa pili akipiga?”

“Tulikaa nyuma ya piano, kifuniko kimeinuliwa. Yeye huyo mnakili ndiye aliyepanga viti. Na Mwalimu hakuinua macho kwenye karatasi ya fidla siku zote tatu za kurekodi. Aliniita Mapafu, nikaitikia. Ningefanyaje?”

Sajini alifunga daftari. “Nitaandika maelezo yako hapa hapa, mzee. Tunakutana ofisini kwa mkuu wa Redio, ghorofa ya tatu, na lifti mbovu.”

“Nani kakwambia naomba lifti?” Akageukia ndani. “Binti yangu! Viatu!”

*

Saa kumi kasoro dakika kumi, barua ilikuwa juu ya meza ya mkuu wa Redio na kalamu kando yake. Mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka, lakini aliyakumbuka magoti ya Mnakili akaamuru iletwe stuli. Mwalimu alikaa dirishani. Konstebo alisimama mlangoni.

“Mama, tumalize,” alisema mkuu.

“Nina maswali matatu kwa Mwalimu kwanza,” alisema Sajini. Akaweka karatasi ya kompyuta mezani. “Hii uliisahihisha mwenyewe?”

“Noti kwa noti.”

“Wimbo wa tano. Filimbi ya kwanza, hesabu kumi na sita. Ndivyo ulivyoipanga miaka ile?”

“Ndivyo hasa.”

Sajini akaweka zile mbili za zamani. Akamwonyesha kwa kidole, nne kwa nne. Mwalimu alivaa miwani. Aliinama, akainuka, akainama tena.

“Ah. Ndiyo,” alisema. “Nimekumbuka. Filimbi mbili kupokezana, kuleta rangi. Mtindo wa Kilatini huo.”

“Basi swali la tatu. Kwa nini ulimpa jina la Mapafu, kwa pumzi uliyoandika wewe mwenyewe asiivute?”

Chini, kwenye lifti, bolero ilikuwa inapanda. Mkuu aliivuta karatasi mpya, akailinganisha na za zamani, akaisukuma polepole mbali naye.

“Alikuwa mzima kama fahali,” Mwalimu alisema hatimaye. “Ningejua ana tatizo ningemtoa siku ile ile.”

Mlango uligongwa mara moja. Konstebo akaufungua. Mzee Mapafu alisimama pale ameegemea bega la bintiye, jasho likimtiririka, mkono kifuani. Ilimchukua muda kupata sauti, na wote walimngoja.

“Basi nitoe leo,” alisema.

Mnakili alikuwa amesimama, stuli imeanguka. “Nani kakuambia upande ngazi zote hizo, mjinga wewe?”

“Nimekuja kukufungua mdomo. Sema.”

“Kaa kwanza upumue.”

“Nimepumua miaka arobaini na moja kwa sababu yako. Sema!”

Mnakili alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamimina maji ya mkuu kwenye glasi ya mkuu, akamshikia mpaka akanywa. Sajini ndiye aliyesoma maelezo, ukurasa mmoja na nusu, bila kupandisha sauti. Alipomaliza, Mwalimu alikuwa ameshika miwani mkononi.

“Nilikuahidi jina lako kwenye santuri ya pili,” alimwambia Mnakili.

“Santuri ya pili haikutoka.”

“Haikutoka,” alikubali.

Mkuu alikohoa. “Shauri tunaliondoa, Sajini. Sasa hivi. Na jalada jipya, mama, tunaweza kuandika *kwa msaada wa*...”

“Hapana.”

“Au *noti zimenakiliwa na*...”

“Hapana. Wageni wako wakinuna, wanune.”

“Mama, nishani imeshachongwa jina.”

“Mvisheni. Kuongoza aliongoza, na aliongoza vizuri, hilo simnyimi. Nami msininyime langu.”

Akachukua ile barua ya kuungama, akaigeuza upande mweupe, akashika kalamu. Aliandika bila haraka, kwa mwandiko ule ule uliokuwa umewachanganya wote. *Muziki umepangwa na*, na majina yake yote matatu. Chini yake, *Umeongozwa na*, na jina la Mwalimu. Chini zaidi, majina mawili sambamba, ya filimbi ya kwanza na ya filimbi ya pili. Akaisukuma kwa mkuu.

“Hiyo ndiyo sahihi yangu. Saa kumi bado haijafika.”

Mkuu aliisoma, akamtazama Mwalimu. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, mara moja, macho yake yako chini.

“Na karatasi zenyewe?” mkuu aliuliza. “Ni mali ya maktaba.”

“Nitazileta Ijumaa mimi mwenyewe, na ndizo zitakazopigwa.” Mnakili alifunga kamba ya bahasha, fundo mara mbili. “Ila hizi mbili za filimbi nazipeleka sasa hivi ghorofa ya pili. Kuna mtoto wa watu anakata roho huko.”

Akatoka. Sajini alimfuata mpaka ngazini, akamwona akishuka kidato kwa kidato, mkono mmoja ukutani. Noti ile ndefu ilikuwa inapanda kutoka ukumbini, ikakatika. Kimya. Viti viwili vilisikika vikivutwa sakafuni.

Halafu noti ikapanda tena, na safari hii haikukatika.